Tochi ya Kaunti ya Harkness

Cleotha Pettigrew alikifunga kidude chake juu kabisa kwenye kioo cha mbele, kisha akashuka garini na kukitazama kwa nje kama kimekaa sawasawa. Wasiojua hukiweka chini kwenye dashibodi, ambako waipa na boneti hukiziba pua. Akarudi ndani, akachomeka waya kwenye tundu la kuwashia sigara. Kidude kikalia mara mbili, taa nyekundu ikawaka na kuzima, kikatulia. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa saba, upande wa kusini wa Chicago, na jirani alikuwa akimwagilia majani akiwa na kandambili miguuni. Mama yake Cleotha, Vashti, alikwishakaa kiti cha mbele na kuku wa kukaanga mapajani, ndani ya boksi la viatu.

Kazi ya kidude hicho ni kunusa tochi ya askari wa barabarani, ile ya kupimia mwendo wa magari, kabla tochi haijakupiga. Wanaokimiliki ni wengi, wanaokielewa ni wachache, na Cleotha alikuwa miongoni mwa hao wachache na hakuona haya kulisema. Milango ya supamaketi, ile inayojifungua yenyewe, hutoa mawimbi yaleyale ya tochi. Kwa hiyo ukipita mjini kidude kitalia, na mjinga atakanyaga breki agongwe nyuma. Lakini mlango wa supamaketi hulia kinyonge, kwa sauti moja. Askari hulia kwa kupanda, ti, ti, kisha titi, kisha hakuna nafasi katikati. Askari mjanja anayewasha na kuzima hulia mara moja kwa ukali halafu kimya, na hapo ujue anampiga mwenzako aliye mbele na zamu yako inakuja. Kikilia, usikanyage breki, maana gari hupiga magoti na askari anaona. Ondoa mguu kwenye mafuta, basi. Haya yote Cleotha aliyaeleza mezani, kanisani na kwa kinyozi, hata kwa wasiouliza.

Kilichowachekesha watu ni kwamba Cleotha mwenyewe hakuwa mtu wa mbio. Sheria ya miaka ile ilikuwa maili hamsini na tano kwa saa, naye alikwenda hamsini. Alikuwa dereva wa basi la mtaa wa Cottage Grove, na abiria walimwita Bwana Harusi kwa jinsi alivyoondoka kituoni taratibu, kama ana bibi harusi nyuma na shela limetoka mlangoni. Shemeji zake walimtania kwamba mtu anayeendesha kama anasindikiza jeneza anahitaji kinusatochi kwa lipi. Cleotha aliwajibu kwamba wao hawajapita Harkness.

Kaunti ya Harkness iko kule chini Missouri, kwenye mapamba, ukiwa unaikaribia Memphis. Sisi watu weusi wa Chicago, ambao wazazi wetu walitoka Mississippi na masanduku ya kufungwa kwa kamba, hurudi huko kila kiangazi kuwaona wazee, na njia ni hiyo. Harkness alikuwapo askari anaitwa Loyd Gatlin, na tochi yake ilikuwa na tabia moja. Ikishasema namba, gari linaifuata namba. Mara ya kwanza Cleotha alikuwa kwenye arobaini na nane, tochi ikasema themanini na tatu, na Buick yake ikaruka ikafika themanini na tatu pale pale, kofia ya mama yake ikaenda kiti cha nyuma. Akazima injini, gari likasimama kando ya barabara, lakini mshale wa mwendo ulibaki kwenye themanini na tatu, na majani yote kulizunguka gari yalikuwa yamelala upande mmoja kwa upepo. Namba haitoki mpaka uandikiwe kosa. Gatlin alipofika alimwonyesha tochi, themanini na tatu, akamwonyesha mshale, themanini na tatu. Cleotha akatazama, akatia sahihi.

Mara ya pili alikuwa amesimama kituo cha mafuta anakula mkate, gari limezimwa, na tochi ikasema sabini na sita. Akatia sahihi tena, mkate ukiwa bado mdomoni. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, Gatlin hakuwahi kuandika namba ambayo haikuwapo.

Kosa la tatu lingempotezea leseni, na leseni ndiyo basi, na basi ndilo Cleotha. Alilipenda basi lile waziwazi, aliligonga ubavuni kila asubuhi kabla ya kupanda kama mtu anayemwamkia ng'ombe wake. Ndipo aliponunua kinusatochi. Kwa viangazi sita kilimpitisha Harkness salama. Kikianza tu kunong'ona, yeye huyo anachepuka, anashika njia ya kokoto iliyo juu ya tuta la mto, anayumba nayo nusu siku nzima kati ya mapamba na mbu, na kutokea upande wa pili bila kosa. Wengine, wasio na kidude, walikuwa na dawa yao. Tochi ya Gatlin haikupenda gari linalong'aa. Likiwa safi na jipya, namba hupanda, likiwa chafu hushuka. Kwa hiyo pale mpakani, kwenye mtaro wa maji, ungekuta familia nzima nzima zimeshuka kwenye magari zinayapaka matope kwa mikono, akina mama wamevua kofia za kanisani na kuzificha chini ya viti.

Safari hii walikuwa wanakwenda kwa Orlean, dada mkubwa wa Vashti, katika mji mdogo wa Shady Fork huko Mississippi. Orlean alikuwa anakufa. Mama yao alipofariki Vashti alikuwa mtoto wa kubebwa, na Orlean ndiye aliyembeba. Sasa kulikuwa na ahadi moja kati yao. Orlean hakutaka mtu wa kampuni ya mazishi amguse nywele. Alitaka Vashti amsuke mwenyewe, ile mistari ya kurudi nyuma tunayoiita twende kilioni, na amsuke akiwa bado hai. Hoja yake ilikuwa kwamba maiti ukimkaza hasemi inauma. Vashti alikuwa na chanuo na kopo la mafuta ya nywele kwenye mkoba wake, na kila baada ya mji mmoja au miwili aliufungua kuhakikisha bado vimo.

Walisimama Cairo, kwenye ncha ya Illinois, kutia mafuta, na Cleotha akapiga simu Shady Fork kutoka kwenye kibanda. Akapokea mpwa wa Orlean aliyekuwa akimuuguza. Akasema daktari amekuja na ameondoka, na kwa maneno ya daktari, mama mkubwa hataliona jua likizama. Akasema tena kwamba hali chakula, hanywi maji, anauliza tu Vashti amefika wapi.

Cleotha alirudi akakaa kwenye usukani na kumweleza mama yake bila kupunguza. Vashti akatazama saa ya dashibodi. Njia ya tuta ingewafikisha usiku. Barabara kuu ingewafikisha wakati wa magharibi, kama Gatlin hayupo, na Gatlin alikuwapo siku zote. Akikukamata anakupeleka mahakamani, unakaa kwenye benchi mpaka karani amalize kula, na jua halimsubiri karani.

Vashti akaanza kulia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Alisema amekaa garini tangu asubuhi kama gunia, amekula kuku, amemshukuru Mungu kwa hali ya hewa, na kumbe dada yake anahesabu pumzi.

"Yeye ndiye aliyenilea," alisema. "Akifa, huyo mtu wa majeneza akamshika kichwa, nitamwambia nini siku tukikutana?"

Cleotha akashuka, akamwomba mwenye kituo ndoo, sabuni na kitambaa, akaanza kuosha gari.

Aliliosha lote. Alisugua matairi kwa brashi mpaka yakawa meusi ti, akang'arisha bampa ya mbele mpaka ukaweza kuchania nywele ndani yake, akapaka nta kwenye boneti na kuifuta kwa duara ndogondogo. Vashti alimtazama kupitia dirishani, machozi yakakauka, akaelewa. Alikuwa mzee lakini hakuwa mjinga.

"Gari la huyo Gatlin linafika ngapi?"

"Mia na ishirini, Mama. Juu ya hapo haliwezi kunifikia."

"Na basi lako je?"

Cleotha alikamua kitambaa, akakikung'uta. Akilini aliona kiti chake cha basi kimekaliwa na mtu mwingine, mtu anayeondoka kituoni kwa kushtua watu.

"Basi lina madereva," alisema. "Vaa kofia, Mama."

Vashti akaichukua kofia yake ya kanisani kutoka chini ya kiti, ile ya zambarau yenye unyoya, akaivaa na kuibana kwa pini. Wakaondoka, wakavuka daraja wakaingia Missouri. Pale kwenye mtaro wa mpakani palikuwa na familia kutoka Detroit, baba amejaa matope mpaka viwikoni. Aliiona Buick inapita inameremeta jua la mchana, akasimama na tope mkononi, akavua kofia kama ivuliwavyo msiba unapopita.

Mpaka siku ile Cleotha alikuwa amekitumia kidude kukimbia askari. Sasa alikitumia kumtafuta, na kazi ni ileile, isipokuwa unaligeuza sikio. Gatlin alikuwa na maficho matatu: chini ya daraja la juu, nyuma ya kiwanda cha kuchambulia pamba, na nyuma ya ubao mkubwa wa duka la fataki. Darajani kidude kilikaa kimya. Kiwandani kimya pia, hakuna hata mnong'ono. Kwenye njia ya kuingilia mjini kikaanza kulia, na Vashti akajiweka sawa na kushika kofia, lakini Cleotha akatikisa kichwa. Sauti ilikuwa nyonge na ya kiwango kimoja. Ilikuwa supamaketi.

Ubao wa fataki nao ulikuwa mtupu. Hapo Vashti akaanza kusali kwa sauti, akimwomba Mungu awaletee Gatlin, na nadhani hiyo ilikuwa mara ya kwanza sala ya namna hiyo kupanda kutoka Harkness. Cleotha akapunguza mwendo, akafungua dirisha, ingawa dirisha halikuwa na uhusiano wowote na kidude. Walikuwa karibu kuimaliza kaunti nzima.

Kidude kikalia mara moja, kwa ukali, halafu kimya.

"Yule pale," Cleotha alisema. "Anampiga mwenzetu huko mbele, ng'ambo ya kilima. Anawasha na kuzima."

Alijua vilevile kwamba tochi inayowashwa na kuzimwa humpiga anayekuja peke yake, bila lori la kumficha. Basi akayaacha malori mawili yampite, akangoja barabara iwe tupu, akajiweka katikati ya njia yake. Hakukichomoa kidude na kukificha kwenye droo, kama mtu mwenye adabu anavyofanya mbele ya askari. Alikiacha juu pale kiooni, taa yake ikiwaka. Wakapanda kilima, wakateremka, na Gatlin alikuwa ameegesha kwenye kivuli cha bango la benki moja, mkono nje ya dirisha na tochi mkononi. Mshale wa Cleotha ulikuwa kwenye hamsini.

Gatlin akaiona Buick. Akaona boneti inayong'aa, namba za Illinois, kidude kiooni na kofia ya zambarau yenye unyoya. Cleotha akaongeza jambo la mwisho. Alimpungia mkono na kutabasamu, kama unavyomsalimia jirani wa kuaminiana. Tochi ikainuka. Kidude kikapiga ukelele mmoja usio na mapengo, na tochi ikasema mia na arobaini na tatu.

Gari likaifuata namba. Vashti alisukumwa kwenye kiti, pini ikaishikilia kofia. Usukani ukawa mwepesi na injini haikupiga kelele zaidi ya kawaida, maana mwendo haukutoka kwenye injini. Nyuma yao Gatlin aliwasha king'ora na kufukuza, kwanza akaonekana kama gari, kisha kama taa, kisha hakuonekana. Cleotha alishika usukani kwa mikono miwili na kutoa ishara kila alipohama njia. Vashti alikata keki ya siagi, akampa kipande, akala chake.

Memphis walipita kama mtu anayefunua ukurasa. Askari wa pale daraja kubwa aliwapiga tochi yake, na kwa kuwa ilikuwa tochi ya kawaida, ilionyesha mia na arobaini na tatu. Akaitikisa, akaipiga kwenye goti, akaiweka chini. Kisha ikawa Mississippi, nchi tambarare, mapamba pande zote, na vumbi lao likabaki limesimama hewani hadi mashambani. Walifika Shady Fork jua likiwa bado juu ya miti. Cleotha akazima injini mbele ya nyumba ya Orlean, na gari likasimama, mshale ukabaki kwenye mia na arobaini na tatu. Upepo ulivuma kulizunguka gari peke yake. Kuku wa uani wakahamia upande wa pili wa nyumba, na shuka zilizoanikwa karibu zikasimama wima kwenye kamba.

Vashti hakusubiri kushikwa mkono. Aliingia ndani na kofia yake, akakaa ukingoni mwa kitanda, akafungua mkoba.

"Umechelewa," Orlean alisema.

"Nimekuja mbio, dada. Inua kichwa."

Alimsuka taratibu, mstari kwa mstari. Nywele zilikuwa zimebaki chache na laini, nyeupe zote. Waliokuwapo chumbani wanasema wazee wale hawakuzungumza mambo makubwa. Walizungumza juu ya mbuzi fulani aliyekula gauni la ubatizo zamani, na kila mmoja alidai gauni lilikuwa lake. Kwenye mstari wa tano Orlean alisema inauma. Vashti akalegeza. Kwenye mstari wa saba akasema tena inauma, na Vashti akamwambia aache deko, akalegeza. Alipomaliza alimshikia kioo cha mkononi. Orlean akajitazama upande huu na upande huu, akasema imekaa. Akafa jua likigusa pamba, kichwa chake kikiwa kwenye mkono wa mdogo wake. Cleotha alikuwa amesimama mlangoni, naye alilia bila kujificha, mtu mzima mwenye wajukuu.

Gatlin alifika asubuhi ya pili. Hakuwa kwenye kaunti yake wala hakuwa kwenye jimbo lake, lakini namba ilikuwa yake na haikuwa ikitoka bila yeye. Alikuta ua umejaa watu wa msiba wamekaa kwenye viti vya kanisa, wameshika vifuniko vya masufuria ili upepo wa lile gari usivichukue. Akavua kofia. Akauliza nani ni mwenye Buick, ingawa alimjua.

"We kijana," alimwambia Cleotha, "ulikuwa na haraka ya wapi?"

"Kijana yupi?" Vashti akauliza kutoka barazani. "Hapa nimezaa mzee mmoja tu."

Watu wakacheka chinichini, wakainamisha vichwa. Gatlin hakukasirika. Alimwonyesha Cleotha tochi, mia na arobaini na tatu, akamwonyesha mshale, mia na arobaini na tatu. Cleotha akatia sahihi juu ya boneti. Mshale ukashuka mpaka sifuri, shuka zikalala kwenye kamba, kuku wakarudi. Kwa desturi yetu mtu aliyefika kwenye msiba haondoki na njaa, awe nani, hivyo Gatlin akapewa sahani, viazi vya kupondwa, maharage na paja la kuku. Alikula amesimama, akasema amewapa pole, akarudisha sahani mwenyewe jikoni na kuondoka.

Walimzika Orlean siku ya Jumamosi, jeneza wazi mpaka mwisho kanisani, na kila mwanamke aliyepita mbele yake alisimama kidogo kutazama mistari ya nywele. Vashti alibaki kupanga vitu vya marehemu. Cleotha aliegesha Buick chini ya banda na kupelekwa Harkness na mtu wa kanisani, mahakamani.

Kesi haikuwa ndefu. Hakimu Teasdale alikuwa mtu wa sauti ya upole, na alitaka kila kitu kifuate utaratibu. Gatlin alitoa kile kichuma cha meno mawili wanachopimia tochi, akakigonga mezani kikaimba, akakiweka mbele ya tochi, na tochi ikasema namba ileile iliyochorwa kwenye mpini wa kichuma. Tochi ilikuwa nzima. Hakimu akaandika kwamba ni nzima. Kisha akamuuliza Cleotha kama ni kweli alikwenda maili mia na arobaini na tatu kwa saa ndani ya Kaunti ya Harkness.

"Kweli, mheshimiwa."

Hakimu aliweka kalamu chini. Alisema kwa miaka yote aliyokaa kwenye kiti kile, watu wa aina ya Cleotha wamekuja mbele yake wakiapa kwamba walikuwa kwenye hamsini, kwenye arobaini, wengine eti wameegesha, na hajawahi kusikia mmoja akisema ukweli kama ulivyo. Alimshukuru. Akasema angependa wengine wajifunze kwake. Halafu akaomba leseni, akaikata vipande viwili kwa mkasi wa karani, na kuviweka kwenye bahasha.

Cleotha hakuhisi aibu, na hilo alilisema kwa kila aliyemuuliza. Alihisi uchungu wa basi, na uchungu ule haukumtoka mwaka ule wala uliofuata, alipopewa kazi ya kufagia gereji na kuyasikia mabasi yakitoka alfajiri. Lakini alitembea kutoka mahakamani kichwa juu, kwa mwendo wake wa siku zote, akanunua soda, akangoja basi la kwenda kaskazini.

Basi lilipokuja alikaa kiti cha mbele kabisa, nyuma ya dereva, mahali ambapo dereva mwenzako hukaa bila kufikiri. Dereva alikuwa mzungu wa makamo, mchangamfu, na walipogundua kwamba kazi yao ni moja walielewana mara moja. Walizungumza habari za klachi, habari za abiria wanaovua viatu. Dereva alisema amechelewa kwa sababu ya tairi huko Memphis na inabidi afidie. Kwa hiyo mshale ulikuwa kwenye sabini na mbili, ukipanda. Cleotha aliuona, hakusema kitu, maana si ustaarabu kumsahihisha mtu kwenye usukani wake.

Gatlin alikuwa nyuma ya ubao wa fataki. Alitoa mkono dirishani, akainua tochi, akalipiga basi. Mshale ukashuka mpaka hamsini na tano. Abiria waliinama mbele kidogo wote kwa pamoja, mtoto mmoja akaangusha mdoli wake, na Cleotha akautazama mguu wa dereva. Haukuwa umegusa breki. Ulikuwa palepale kwenye mafuta.

Dereva akapiga honi mara moja ya salamu, na Gatlin akagusa ukingo wa kofia yake.

"Tangu nianze njia hii," dereva alisema, "yule bwana hajanisimamisha hata siku moja. Nawaambia vijana wangu kila siku, ukienda kwa sheria, nani atakugusa?"

Cleotha akautazama tena mshale. Ulikuwa kwenye hamsini na tano, na yule dereva hakuwa anasema uongo.